Filamu ya matapeli iliyonikumbusha madumu yangu ya mafuta

 Leo sina bei za mzigo wala mbinu ya kupanga rafu. Nataka tuongelee filamu. Najua kuna atakayesema huyu naye kaishiwa, lakini nisome mpaka katikati halafu ndo useme.

Filamu inaitwa Nueve reinas, yaani Malkia Tisa. Ni ya Argentina, ilitoka mwaka 2000, kaiandika na kuiongoza Fabián Bielinsky. Ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza, na alipofariki mwaka 2006 alikuwa ameacha mbili tu. Wanaongea Kihispania, unasoma maandishi chini. Nimeiangalia mara tatu, kwenye simu, hapahapa dukani usiku nikisubiri wateja wa mwisho wa vocha na mikate. Mara ya kwanza niliiangalia kama filamu tu. Mara ya pili nilishika kalamu, maana niligundua karibu kila mchezo wanaocheza mle ndani nilishauona kwenye kaunta yangu, na mmoja wao ulinila laki nne.

Nitaisimulia mpaka mwisho wake. Kama hutaki kuharibiwa utamu, kaiangalie kwanza ndo urudi.

Hizi filamu wenye kuzijua wanaziita filamu nyeusi. Jina walilitoa Wafaransa miaka ya 1940 kwa ajili ya filamu za Marekani za wakati ule, zile za mvua, kofia na taa za barabarani, ambazo hakuna mtu msafi ndani yake. Zilizokuja baadaye kwa mtindo huohuo zinaitwa nyeusi mpya. Hii ya Argentina sehemu kubwa ni mchana kweupe, jua linawaka, watu wanakunywa kahawa. Giza lake limo kwenye roho za watu.

Mambo yote yanatokea Buenos Aires ndani ya kama siku moja hivi. Kuna watu wawili. Juan, kijana mwenye sura ya upole, kaigiza Gastón Pauls. Na Marcos, mkubwa wake kidogo, mzoefu, suti nzuri, mdomo mtamu, kaigiza Ricardo Darín. Wote matapeli.

Sasa, filamu inaanzia wapi? Dukani. Kwenye kile kiduka cha kituo cha mafuta, asubuhi mapema. Juan anaingia, ananunua vitu vidogo, anatoa noti, halafu anaanza: ngoja nina hela ndogo, nirudishie ile, chukua hizi, hapana basi nipe ile nyingine. Dada wa kaunta anahesabu, anahesabu tena, na Juan anaondoka na hela nyingi kuliko alizoingia nazo.

Mchezo huu wengi wetu tumeshapigwa bila kujua. Jioni hesabu ikapungua, tukamlaumu mdogo wetu anayetusaidia kuuza. Mimi nilimlaumu wa kwangu, na nikamkata kwenye hela yake ya wiki. Baadaye nilimwomba msamaha lakini neno likishatoka limetoka. Ngoja niuweke kwa shilingi, polepole, uone ulivyo.

Mteja ananunua biskuti ya 500. Anatoa noti ya 5,000, unamrudishia 4,500. Hapo safi. Kabla hajageuka anasema, "Aah samahani bosi, kumbe nina mia tano hapa. Chukua hizi, nirudishie ile elfu tano yangu." Anakupa 4,500 uliyompa pamoja na mia tano yake, jumla 5,000 ya hela ndogondogo. Unampa noti yake. Mpaka hapo bado safi kabisa, biskuti imelipwa kwa mia tano, hamdaiani.

Sasa sikiliza. Zile hela ndogo bado ziko mkononi mwako, hujaziweka kwenye droo. Papo hapo anasema, "Au tufanye hivi bosi, hapo mkononi si una elfu tano? Shika na hii elfu tano, nipe noti moja ya kumi." Tano na tano ni kumi. Kichwa kinakubali. Unampa noti ya 10,000.

Umeshaliwa 5,000.

Rudi nyuma uangalie. Ile 5,000 ya hela ndogo ilikuwa yako tayari, ulishaibadilisha kwa noti yake sekunde kumi zilizopita. Yeye kaihesabu mara ya pili kama vile bado ni yake. Kaingia na 5,500, katoka na 10,000 na biskuti. Na noti zote zilikuwa halali, hakuna hata moja ya bandia, kwa hiyo hata ukizimulika kwenye taa mpaka kesho hutaona kitu.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la pili. Inatupiga kwa sababu miamala miwili imepandishwa mmoja juu ya mwingine, wa kwanza haujafungwa wa pili umeanza. Na jamaa anaongea. Anakuuliza bei ya kitu kingine, anakusifia duka, nyuma yake kuna mtoto anataka chumvi. Dawa yake ni ya kijinga mpaka unaona aibu kuisema: muamala mmoja uishe, hela iingie kwenye droo, droo ifungwe, ndo mwingine uanze. Noti ya mteja ibaki juu ya kaunta, mbele ya macho yenu wote, mpaka ashike chenji yake. Akikuharakisha, ndo unapunguza mwendo.

Kuna filamu nyingine, The Grifters ya mwaka 1990, ya Stephen Frears, iliyotoka kwenye riwaya ya Jim Thompson. Humo kuna jamaa anaitwa Roy, kaigiza John Cusack. Mchezo wake ni mwepesi zaidi: anamwonyesha mhudumu wa baa noti ya dola 20, anaagiza kinywaji, wakati wa kulipa anatoa ya dola 10 iliyokunjwa, anarudishiwa chenji ya 20. Siku moja anakutana na mhudumu aliyeangalia noti. Anapigwa rungu la tumbo mpaka anavuja damu kwa ndani, na mambo mengi ya filamu nzima, mama yake kurudi maishani mwake, ugomvi, vifo, yanaanzia pale. Sisemi uweke rungu chini ya kaunta. Nasema yule mhudumu aliangalia noti.

Turudi kwa Juan. Yeye kosa lake lilikuwa tamaa. Wahudumu wakabadilishana zamu, akaona huyu wa pili naye ni mgeni kwangu, akarudia mchezo uleule duka lilelile. Wakashtuka. Zogo likaanza. Hapo ndo Marcos anajitokeza, anasema yeye ni askari, anamkamata Juan, anatoka naye nje. Wauza duka wanashukuru. Wamefika mbele kidogo anamwachia, anamwambia mimi nawe kazi yetu moja, mwenzangu wa kila siku kapotea, leo fanya kazi na mimi.

Mara ya kwanza sehemu hii niliicheka. Mara ya tatu sikucheka. Pale dukani watu walikuwa wameshamkamata mwizi, hela ilikuwa karibu irudi. Akaja mtu asiyejulikana, kavaa vizuri, anaongea kwa amri, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza kitambulisho. Wangapi kati yetu wameshakuja watu dukani na makoti na mafaili wakisema wanakagua leseni, au mizani, au mashine ya risiti, tukawapa "hela ya soda" tukimshukuru Mungu wameondoka? Mtumishi wa kweli hakasiriki ukimwomba kitambulisho na ukasema unapiga simu ofisini kwao kuulizia. Ukimwomba akapandisha sauti, jua una jibu lako.

Halafu kuna mchezo wa shangazi. Marcos anasimama nje ya jengo la ghorofa lenye zile kengele za kuongelea mlangoni. Anabonyeza moja, anaita "Shangazi?" Akijibiwa kavu anabonyeza nyingine. Mpaka anapata bibi mmoja ambaye, akisikia sauti ya kijana ikimwita shangazi, anataja mwenyewe jina la mpwa wake. Basi, kazi imeisha. Tangu hapo Marcos ndo huyo mpwa, gari limeharibika, anahitaji hela kidogo, anamtuma rafiki yake aje kuichukua.

Umeona? Marcos hakujua chochote. Jina kapewa na bibi. Hii ndo ile meseji yetu ya kila siku, "ile hela tuma kwenye namba hii". Aliyeituma hajui kama unadaiwa, hajui unadaiwa na nani. Katuma kwa watu mia kadhaa, na miongoni mwao yupo mmoja ambaye asubuhi ile kweli alikuwa anasubiri namba ya kumlipa mwenye nyumba au mwenye mzigo. Uongo kaumalizia mwenye simu. Kwa hiyo mtu akikupigia akasema "hunikumbuki?", usimsaidie kwa kutaja jina. Muache ataje yeye.

Neno lenyewe wanaloitwa matapeli kwa Kiingereza lina maana ya mtu wa kuaminiwa. Linatoka kwa jamaa mmoja wa New York, William Thompson, aliyekamatwa mwaka 1849. Alikuwa anasalimia watu mtaani kama vile wanafahamiana, anawauliza kama wanamwamini kiasi cha kumwachia saa yao mpaka kesho. Na watu walikuwa wanampa! Simlaumu aliyempa. Ukisalimiwa vizuri na mtu mwenye suti, kusema "sikuamini" inakuwa kama umemtukana. Sisi tuliolelewa kwa heshima ndo kabisa, mgeni anatuona laini kama mkate wa maziwa.

Hayo yote ni madogo. Sasa tuingie kwenye mchezo mkubwa.

Marcos ana dada yake, Valeria, anafanya kazi hoteli kubwa ya kitalii. Dada hampendi, na ana sababu, nitaifikia. Siku hiyo Valeria anampigia simu kwa hasira: kuna mzee mmoja, Sandler, mtu wa zamani wa Marcos, kaanguka mgonjwa pale hotelini, njoo umwondoe. Kufika, mzee anamnong'oneza. Ana karatasi ya stempu adimu za Ujerumani za enzi za Weimar, zinaitwa Malkia Tisa. Ni za kughushi, kazitengeneza mwenyewe, lakini kwa ustadi mkubwa. Na mnunuzi yupo palepale ghorofani: tajiri wa Kihispania, Vidal Gandolfo, mpenzi wa stempu, yuko chini ya ulinzi kwa mambo yake ya biashara na kesho anafukuzwa nchini. Muda wa kupeleka stempu maabara hana.

Marcos anasikia sauti ya hela. Mnunuzi ana pesa, ana haraka, hawezi kupima. Kwa tapeli huo ni mlango umeachwa wazi.

Hapa inabidi nisimame niseme langu, maana hapa ndo nilipojiona.

Mwaka mmoja na nusu nyuma alikuja jamaa dukani kwangu saa kumi na moja jioni, na kirikuu imebeba madumu ya mafuta ya kula, ya lita 20, kumi. Akasema alikuwa na duka mkoa wa jirani, amefiwa, anafunga kila kitu, usiku huohuo anasafiri na basi, mzigo hawezi kuondoka nao. Nilikuwa nachukua dumu moja kwa jumla 80,000 na kitu. Yeye akasema 55,000. Mimi nikamwangalia, nikaona macho mekundu, nikaona simu inaita kila dakika na anasema "nakuja, nakuja". Nikasema 40,000. Akalalamika, akakubali.

Ngoja niseme ukweli ambao sikumwambia mtu kwa miezi. Sikumhurumia. Moyoni nilifurahi. Nilisema leo nimempata mtu mwenye shida, nimlalie. Mimi ndo niliyekuwa namtapeli, hivyo ndivyo nilivyojiona.

Nikafungua dumu la kwanza, mafuta. La pili nikachovya kidole, mafuta. Akachukua moja akamimina kwenye kikombe, mafuta safi. Nikamlipa 400,000, na humo 250,000 ilikuwa ya kikoba, ya mama yangu, niliyotakiwa kurudisha mwisho wa mwezi. Kesho yake nikaanza kupima kwa ajili ya wateja wa robo na nusu lita. Dumu la tatu, baada ya vikombe viwili, yakaanza kutoka maji. Mafuta hukaa juu ya maji, kila mtu anajua, mimi nimesoma mpaka kidato cha nne na fizikia nilikuwa najitahidi. Madumu mawili tu ndo yalikuwa mazima. Manane yalikuwa maji, na kitanga cha mafuta juu cha kutosha kuchovya kidole.

Sasa rudi kwa Marcos, uone alivyopigwa. Maana ndiyo, aliyekuwa anapigwa kwenye filamu nzima ni yeye.

Stempu za kughushi zinapelekwa kwa Gandolfo. Analeta mtaalamu wake, anazikagua pale hotelini, anasema ni halisi. Bei inapatanwa: 450,000. Wakati ule peso moja ya Argentina ilikuwa sawa na dola moja, kwa hiyo hesabu mwenyewe. Mtaalamu anawafuata nje, anawaambia najua ni feki, nipeni changu. Marcos anakubali, na moyoni anazidi kuamini. Angalia hapo: mtu aliyekuja kumdai rushwa ndo aliyemhakikishia kwamba dili ni la kweli. Nani angejisumbua kudai mgawo kwenye dili la uongo?

Kisha barabarani, pikipiki inapita na watu wawili, wanapora begi. Stempu zinaishia majini. Zimekwenda. Mnunuzi anasubiri, hela iko mezani, bidhaa hakuna. Nadhani hapa ndo penye akili zaidi kwenye filamu nzima. Mpaka dakika ile Marcos alikuwa hajatoa hata senti. Mtu ambaye hajatoa kitu anaweza kusema basi, akaenda nyumbani. Lakini ukishamwonyesha mtu 450,000, ukamfanya azihesabu kichwani, azigawe, aziote, halafu ukampokonya, hapo atafanya chochote azirudishe. Anajiona tayari kapoteza hela ambayo hakuwahi kuwa nayo.

Na njia ipo. Stempu halisi zipo, kwa dada yake Sandler. Anaziuza kwa 250,000. Nunua 250,000, uza 450,000 leoleo jioni. Nani kwenye ukurasa huu angekataa faida hiyo? Marcos anatoa 200,000 zake, zote alizokuwa amezificha. Zilizobaki 50,000 anamshawishi Juan atoe, hela ambayo Juan anasema anaikusanya kwa ajili ya baba yake aliye gerezani. Na sisi watazamaji muda wote tunamwonea Juan huruma, tunasema masikini kijana, huyu Marcos atakimbia na hela yako. Mimi nilikuwa namwambia kwa sauti, mteja mmoja akauliza naongea na nani.

Mauzo yanafanyika. Gandolfo anatia masharti yake machafu, anamtaka Valeria usiku ule, na Valeria naye ana sharti lake kwa kaka yake: amweleze mdogo wao ukweli wote kuhusu urithi. Kwa nini urithi, nitasema. Marcos anakubali hata hilo. Mwisho analipwa. Kwa nini asilipwe? Lakini halipwi noti. Analipwa hundi, tena ile ambayo benki yenyewe imeithibitisha. Asubuhi anakwenda benki, anakuta watu wamejaa mlangoni wanapiga kelele. Wakubwa wa benki wamekimbia na hela, benki imefungwa. Hundi ni karatasi.

Hiyo sehemu ya benki ina historia yake ya ajabu. Filamu ilitoka 2000. Desemba 2001, mwaka mmoja na kitu baadaye, serikali ya Argentina kweli ilizuia watu kutoa hela zao benki, watu wakagonga masufuria barabarani, na mapema 2002 peso ikaachana na dola na thamani yake ikaporomoka. Waliokuwa wameicheka ile sehemu kwenye sinema wakajikuta wamesimama wao mlangoni.

Kwetu hundi siyo sana, kwetu ni meseji. Mteja kachukua mchele gunia mbili, anakuonyesha simu yake, "muamala umeenda bosi, mtandao tu unasumbua". Au inaingia meseji kwako kabisa, ina jina, ina kiasi, ina salio jipya, lakini imetumwa kutoka namba ya mtu wa kawaida. Meseji siyo hela. Ingia kwenye menyu ya simu yako mwenyewe, angalia salio mwenyewe, ndo mzigo utoke mlangoni. Mtandao kweli ukisumbua, mzigo na mteja wote wanasubiri. Nimeshapoteza wateja wawili kwa msimamo huu. Mmoja alirudi.

Mwisho wa filamu: Juan anaachana na Marcos pale nje, kila mtu na njia yake. Anafika kwenye ghala moja. Anafungua mlango. Ndani wamekaa watu. Yupo Sandler, mzima wa afya. Yupo Gandolfo. Wapo wale wa pikipiki. Na yupo Valeria, ambaye ni mchumba wa Juan. Wote walikuwa kundi moja toka asubuhi ile ya dukani. Zile 200,000 za Marcos ziko hapo.

Na sababu ni hii: urithi wa familia kutoka Italia, ambao Marcos aliwadhulumu dada yake na mdogo wake kwa ujanja wa makaratasi. Hawakupeleka kesi, kesi ingechukua miaka. Walichofanya ni kumtengenezea dili analolipenda.

Wengine wakimaliza wanasema Juan ni shujaa. Mimi sioni hivyo. Yule dada wa kituo cha mafuta alifanya nini? Yule bibi wa kengele je? Mmoja wao labda alikatwa kwenye mshahara jioni ile, kama nilivyomkata mdogo wangu. Filamu haituonyeshi, na ndo maana nasema ni nyeusi kweli.

Lakini Marcos ndo ninayemfikiria zaidi. Huyu hakuwa mjinga. Alikuwa anajua michezo yote, anawatambua wezi mtaani kwa kuwaangalia tu. Angekuja mtu kumwomba hela, angemcheka. Kwa hiyo hawakumwomba. Walimletea mjinga wa kumtapeli, yaani Gandolfo mwenye haraka, na Marcos akawa bize kumwangalia yule mjinga, hakupata muda wa kujiangalia. Yangu mimi alikuwa mfiwa mwenye basi la usiku. Kama yule jamaa angekuja akaniambia nina mafuta mazuri, bei ya kawaida, ningefungua madumu yote kumi na kumimina kila moja. Bei ya kutupa ndo iliyonifunga mikono. Niliogopa nikichelewa kukagua atashtuka kwamba ananiuzia rahisi mno!

Tangu siku ile nina utaratibu. Mzigo wa mtu nisiyemjua, mwenye haraka, bei chini ya ile ya jumla, kwanza namwambia alale nao mpaka kesho saa tatu, stoo ipo, nitampa na chai. Sijapata hata mmoja aliyelala. Mzigo wowote wa maji maji namimina kutoka chini, kwa mpira, siyo juu. Na hela ya kikoba hainunui dili la jioni, hata liwe zuri vipi. Ya mama niliirudisha kwa miezi mitano, elfu hamsini hamsini. Hakuwahi kuniuliza ilikwendaje, na mimi sikumwambia. Labda ataisoma hapa, dada yangu humsomea.

Dumu moja kati ya yale manane bado ninalo, tupu. Nimelikata juu, naweka chenji za sarafu. Mdogo wangu ndiye anayelisimamia siku hizi, na kila mteja akisema "au tufanye hivi bosi", anafunga kwanza kifuniko.